Paka Anayeanguka Alfajiri: Si Kila Mara Ni Sumu

Je, msomaji, umewahi kumwona paka wako akipepesuka alfajiri kama mlevi, akaanguka na kutupa miguu, kisha baada ya kula akatembea kana kwamba hakuna lililompata? Wengi wetu hapa Nairobi husema mara moja kwamba amekula panya mwenye sumu. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, kuna sababu nyingine inayofaa kujulikana, nayo ni sukari kupungua mno katika damu.

Mama mmoja wa Kileleshwa alikuja kwenye kliniki yangu katikati ya jiji akiwa na kidole kilichovimba. Paka wake, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa ameanguka kifafa. Akidhani ni sumu, mama alimfungua mdomo kwa nguvu ili amnyweshe maziwa, naye paka akamuuma.

"Daktari, hii ni mara ya tatu mwezi huu, na kila mara ni kabla hajala," aliniambia.

Maneno hayo yalinishtua. Si kawaida ya sumu kuja na kuondoka hivyo. Nilimsafisha kidonda, nikamwanzishia chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha nikamsihi ampeleke paka kwa daktari wa wanyama. Alipopimwa, sukari yake ilikuwa milimoli 2.1 kwa lita. Paka akiwa chini ya 3.3, sukari yake imeshuka.

Kongosho

Kongosho hutoa insulini, ambayo huitoa sukari kwenye damu na kuiingiza katika misuli na viungo vingine. Sukari ikishuka, kongosho lenye afya hupunguza insulini. Lakini uvimbe ukiota kwenye chembe zinazoitengeneza, insulini huendelea kumwagika hata mnyama akiwa na njaa. Ubongo, ambao hutegemea sukari, ndio huumia kwanza.

Uvimbe huu ni nadra sana kwa paka. Mbwa huupata zaidi, na binadamu pia huupata. Mwaka wa 1929, Dkt Roscoe Graham wa Toronto, Kanada, alimponya mgonjwa kwa kuukata, miaka minane tu baada ya insulini kugunduliwa katika mji huo huo. Katika miaka ya 1930, mpasuaji Allen Whipple wa New York alieleza mambo matatu ya kutazamwa: dalili zitokee, sukari ipimwe wakati huo na kupatikana imeshuka, na mgonjwa apate nafuu akipewa sukari. Madaktari wa wanyama huyatumia hadi leo.

Ufanye nini?

Kwanza, usimnyweshe chochote paka aliyezimia. Kinaweza kuingia mapafuni. Mpake asali kidogo kwenye ufizi kwa kijiti chenye pamba, usitie kidole. Iwapo hajachanjwa au amekuwa mkali ghafla, usimguse kabisa. Akipata fahamu, mpe nyama au samaki. Usizidishe sukari, kwani huuchochea uvimbe kumwaga insulini tena.

Pili, andika saa aliyoanguka na saa aliyokula. Iwapo nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, tazama kama kuna tembe zilizopotea, maana zinaweza kuleta dalili hizi hizi kwa paka na hata kwa mtoto.

Tatu, omba sukari na insulini zipimwe katika damu ile ile. Wakazi wa Westlands, Kangemi na Lavington wako karibu na kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete. Kumbuka kwamba hofu ya safari hupandisha sukari ya paka. Kipimo kimoja kizuri kisikuridhishe.

Nne, ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, takriban kila mgonjwa hufa.

Paka wa yule mama alipasuliwa, na uvimbe usiozidi punje ya harage ukaondolewa. Kwa kuwa unaweza kurudi, analishwa kidogo kidogo mara nne kwa siku. Kidole cha mama nacho kimepona, na chanjo zake alizimaliza zote.