Mkunjo wa Mwanga: Kuurekebisha Uso Pasipo Kuuchubua

Katika miaka ya 1990, wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijulikana kwa vibanda vyao vyenye mapazia yaliyochorwa mandhari ya kupendeza. Mtafiti Mjerumani, Heike Behrend, aliichunguza kazi yao na kuchapisha makala kuihusu katika jarida la African Arts mwaka 2000. Enzi hizo za filamu, wingi wa mwanga katika picha uliamuliwa kwa sehemu kubwa na msafishaji. Leo kompyuta imemkabidhi mpigapicha mwenyewe uamuzi huo, na mojawapo ya zana zake kuu ni mkunjo.

Katika picha ya kawaida ya kompyuta, kila nukta hupewa thamani ya mwanga kuanzia 0, yaani weusi kamili, hadi 255, yaani weupe kamili. Programu kama Photoshop na GIMP huzionyesha thamani hizo ndani ya mraba: za awali hupangwa kwenye mstari wa chini, na mpya kwenye mstari wa wima. Mstari wa mshazari ulionyooka humaanisha kwamba hakuna kilichobadilika. Sehemu yake ikiinuliwa, mwanga huongezeka, ikishushwa, hupungua.

Mfano ni wa mzee aliyepigwa picha adhuhuri, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito. Uso wake wa maji ya kunde una thamani ya 70, na kofia 240. Mwanga wote ukiongezwa kwa 30, uso utafikia 100, lakini kofia itagota kwenye 255 na tarizi yake kupotea. Kwa mkunjo, nukta ya 70 huinuliwa hadi 95, huku ile ya 240 ikishikiliwa mahali pake. Uso huonekana, na tarizi husalia.

Hata hivyo, manufaa hayo yana gharama. Mkunjo unapokuwa mkali, vivuli vinavyokaribiana hutengana; unapolala, hubanana na kufanana. Kinachoongezwa upande mmoja hupunguzwa upande mwingine. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi ni muhimu kujua mwambaji anavutia wapi.

Historia inatoa onyo. Kuanzia miaka ya 1950, kadi za Kodak za kusawazishia rangi zilionyesha wanawake weupe, na nyuso nyeusi zikapimwa kwa kipimo kisicho chao. Mhariri wa leo anaweza kulirudia kosa hilo kwa hiari yake, akidhani anampendezesha mteja.

Hapa Kiswahili kinasaidia, kwani kinatofautisha kuangaza na kuchubua. Kuangaza ni kukidhihirisha kilichofichwa na kivuli. Kuchubua ni kukiondoa kilichokuwapo. Mkunjo umetumika ipasavyo iwapo jamaa za mzee huyo, wakiitazama picha, watamwona yeye na si mtu mwingine.