Mtaro wa Migosi na Pumzi ya Samaki Ziwani

Wadi ya Migosi haipakani na Ziwa Victoria. Hata hivyo, ardhi ya Kisumu inateremka kutoka vilima vya Kajulu hadi Ghuba ya Winam, na maji ya mvua hufuata mteremko huo. Kinachotupwa mtaroni Migosi leo, mvua ya kesho hukishusha hadi ziwani. Makala haya yanaeleza kinachotokea huko, kwa nini samaki hufa kwa wingi nyakati fulani, na kwa nini joto linaloongezeka linazidisha tatizo hilo.

Ghuba yenye mlango mwembamba

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na upande wa Kenya ni karibu asilimia 6 tu. Ziwa lenyewe lina kina cha wastani cha mita 40 hivi. Ghuba ya Winam, ambako mji wa Kisumu uko, ni tofauti. Sehemu nyingi za ghuba hazifiki mita 10 kwenda chini, na maji yake hukutana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga. Kwa sababu hiyo, uchafu unaoingia ghubani hukaa muda mrefu kabla ya kusambaa.

Uchafu huo hutoka pande mbili. Mito mikubwa kama Nyando na Sondu-Miriu huleta udongo na mbolea kutoka mashambani. Mito midogo ya mjini, kama vile Kisat, na Auji unaopita Manyatta na Nyalenda, huleta majitaka, sabuni, mafuta ya magari na plastiki. Si nyumba zote za mji zilizounganishwa na bomba la majitaka. Choo kinapofurika au tangi la majitaka linapovuja, maji hayo hutafuta njia ya kuelekea bondeni.

Rotuba inapozidi

Kinyesi, mbolea na baadhi ya sabuni za unga vina naitrojeni na fosforasi. Shambani, hicho ni chakula cha mimea. Ziwani ni vivyo hivyo, ila mimea inayonufaika ni magugu maji na mwani, yaani ule utando wa kijani unaoonekana juu ya maji.

Magugu maji yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 yalienea hadi yakazuia mashua na meli. Wadudu wanaokula gugu hilo waliachiliwa ziwani, nalo likapungua sana, lakini limekuwa likirudi kila mara. Kuling'oa peke yake hakutoshi, maana chakula chake bado kinaletwa na mito kila siku.

Mwani una madhara yake. Mchana, jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni. Usiku huitumia. Unapokufa huzama chini na kuoza, na vijidudu vinavyouozesha hutumia oksijeni zaidi. Ndiyo maana hewa majini huwa chache zaidi alfajiri, na ndiyo maana wavuvi huona samaki wakihema juu ya maji kabla jua halijachomoza. Baadhi ya aina za mwani hutoa sumu pia, na kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo. Maji ya kijani kutoka ufuoni hayafai kunywewa hata yakichemshwa.

Joto linavyopunguza hewa

Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 inaweza kushika takribani miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzijoto 30, kiasi hicho hushuka hadi karibu miligramu 7.5. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, kwa hiyo kiasi chake huwa chini zaidi. Ngege huanza kudhoofika oksijeni inaposhuka chini ya miligramu 3 hivi.

Joto pia hutenganisha maji katika matabaka. Maji ya juu yakipata moto huwa mepesi, na yale ya chini yaliyo baridi na mazito hubaki bila hewa mpya. Upepo mkali au mvua kubwa ikija, matabaka huchanganyika ghafla, na maji yasiyo na hewa hupanda juu.

Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa samaki wa vizimba katika Kaunti ya Kisumu waliamka na kukuta samaki wao wakielea wamekufa. Wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni majini kuwa chanzo. Samaki aliye huru huweza kukimbilia maji mazuri. Aliye kizimbani hana pa kwenda. Nayo mabaki ya chakula yanayoanguka chini ya kizimba huongeza uozo mahali hapo hapo.

Mabadiliko ya tabianchi huleta pia mvua kubwa zaidi. Mei 2020, ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na makazi ya kando ya ufuo yakaingiwa na maji. Mafuriko ya namna hiyo huzoa vyoo na majalala na kuvipeleka ziwani kwa pamoja. Bahari nayo haijasalimika: mwaka 1998, joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika pwani ya Kenya.

Ziwa limeshabadilishwa mara moja

Wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta aliletwa katika Ziwa Victoria. Alileta biashara kubwa ya minofu, lakini aina nyingi za fulu zilitoweka, na hazitarudi. Hewa ikizidi kupungua na nyavu zenye matundu madogo zikiendelea kutumika, samaki waliobaki watapungua vilevile. Atakayeumia kwanza ni mvuvi, kisha mama muuza samaki sokoni, kisha kila nyumba inayonunua omena kwa mboga.

Mkazi wa Migosi afanye nini

- Usitupe taka mtaroni. Mtaro ni wa maji ya mvua, si jalala.
- Usifungulie majitaka wakati wa mvua. Tangi likijaa, ita lori la kunyonya majitaka lenye kibali, na uhakikishe majitaka yanapelekwa kwenye mabwawa ya kuyasafisha.
- Usioshe gari, pikipiki wala tuktuk mtoni au kando ya ziwa.
- Mwaga maji ya kufulia mbali na mtaro, kwenye udongo wenye nyasi au migomba.
- Usinunue samaki aliyeokotwa akielea. Ukiona samaki wengi wamekufa, mjulishe afisa wa uvuvi au kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) kilicho karibu.
- Usikate wala kuchoma mafunjo. Kinamasi kama kile cha Dunga huchuja udongo na rotuba kabla maji hayajafika ziwani.
- Bomba la majitaka likipasuka, piga ripoti mapema kwa kampuni ya maji au ofisi ya msimamizi wa wadi. Kila siku linalovuja ni mzigo mpya kwa ghuba.

Joto la dunia halitapunguzwa na wadi moja. Lakini rotuba inayoshuka mtaroni inaweza kupunguzwa papa hapa, na kila inapopungua, samaki hubakiziwa hewa ya kuvumilia siku za joto.