Kabla Fundi Hajafomati Kompyuta Yako

Kompyuta ya nyumbani ikianza kuchukua dakika kumi kuwaka, wengi wetu humwambia fundi, “Fomati tu, boss.” Ngoja kidogo. Huenda humo ndimo ulimoweka steitimenti za mwaka mzima unazohitaji kwa ritani za KRA kabla ya Juni 30.

Kopi faili zako kwenye flashi, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine. Hapa ndipo watu huteleza: wanakopi aikoni ya njia ya mkato iliyo kwenye deskitopu, faili yenyewe inabaki nyuma.

Kwenye Windows 10, tafuta “Reset this PC”. Ukichagua “Keep my files”, faili zako zinabaki lakini programu ulizojiwekea zinatoka. “Remove everything” inafuta zote. Unauza mashine? Washa pia “Clean data”, maana faili iliyofutwa kawaida inaweza kurudishwa na mtu mwingine.

Fundi mwachie kompyuta, si simu. Kazi hii haihitaji PIN yako ya pesa, hata akisema ni ya “kuverify” tu.

Bado ni nzito? Pengine diski imechoka. Kuweka SSD kutakusaidia kuliko kufomati mara ya pili.