Chunusi sugu hutibika, lakini si kwa tembe za kununua kiholela

Kupata dawa mjini Kitengela si kazi. Mtu akishuka kwenye matatu kando ya barabara ya kwenda Namanga hupita kemisti kadhaa kabla ya kufika nyumbani. Kumpata daktari wa ngozi ni jambo jingine. Wengi wa madaktari hao wana kliniki zao Nairobi, umbali wa kilomita 30 hivi, na kwa mkazi wa Kajiado mjini safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 80 kwenda na nyingine 80 kurudi.

Ndiyo maana watu wengi wenye chunusi zisizokwisha huanzia kwa kemisti na kuishia huko huko. Hununua dawa moja wiki hii, wakaibadilisha wiki ijayo, na baada ya mwaka mzima uso umejaa mabaka, pesa zimekwisha na mwenyewe amekata tamaa. Ilhali chunusi, hata zile sugu, ni miongoni mwa magonjwa ya ngozi yanayotibika vyema iwapo dawa itatolewa na mtu anayeijua, kisha mgonjwa aangaliwe hadi mwisho.

Mwandishi wa makala haya ni mkazi wa Kitengela na alizitumia dawa hizo hatua kwa hatua akiwa na umri wa miaka 27. Baadhi ya yanayofuata aliyaona kwa ngozi yake mwenyewe.

SI UCHAFU

Kila kinyweleo kimeunganishwa na tezi inayotoa mafuta. Mtu anapobalehe, homoni huifanya tezi hiyo itoe mafuta mengi zaidi. Chembe za ngozi zilizokufa huziba mlango wa kitundu, mafuta hukwama ndani, na bakteria ambao kwa kawaida huishi katika ngozi huzaana humo. Mwili hupigana nao, na matokeo yake ni uvimbe, maumivu na usaha.

Kwa hivyo chunusi si dalili ya uchafu, na kujisugua kwa sabuni kali mara tano kwa siku huzidisha tu maumivu. Wakazi wengi wa Kitengela huyalaumu maji ya visima, ambayo huwa na chumvi. Maji hayo huweza kuikausha ngozi, lakini si chanzo cha chunusi. Mafuta mazito ya nywele, kwa upande mwingine, huziba vitundu vya ngozi na kuleta vipele kwenye paji la uso, karibu na nywele zinapoanzia.

Wazee nao humwambia msichana kwamba zitaisha akiolewa. Ni kweli kwamba kwa vijana wengi chunusi hupungua wanapopita miaka 20. Hata hivyo, wako wanawake wanaosumbuliwa hadi umri wa miaka 40, hasa kwenye kidevu na mataya, na hali huwa mbaya zaidi siku chache kabla ya hedhi. Ikiwa hedhi yenyewe haifuati mpango, au nywele zinaota kidevuni, daktari hana budi kuchunguza homoni kwanza.

Isitoshe, baadhi ya dawa huleta vipele vinavyofanana na chunusi. Miongoni mwazo ni dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, baadhi ya dawa za kifafa, na sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake. Mgonjwa asiache dawa hizo kwa sababu ya uso. Amweleze daktari.

DAWA ZA KUPAKA

Matibabu huanza na dawa za kupaka. Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Ya pili ni jamii ya dawa zitokanazo na vitamini A, kama vile adapalini na tretinoini, ambazo huzibua vitundu.

Dawa hizi huwasha na kukausha ngozi katika majuma ya kwanza. Anayeanza hushauriwa apake usiku mmoja na kuruka mwingine, kiasi cha punje moja ya minji kwa uso mzima, na si juu ya kipele kimoja kimoja. Benzoili peroksaidi hufifisha rangi ya vitambaa, kwa hivyo tumia taulo na foronya nyeupe. Dawa za jamii ya vitamini A hazifai kwa mwenye mimba.

Kosa linalowarudisha wengi nyuma ni haraka. Matokeo hayaonekani kabla ya majuma sita au manane, na mara nyingi huchukua majuma 12. Anayebadilisha krimu kila baada ya siku kumi hajaijaribu hata moja.

DOKSI NA CHAI YA MAZIWA

Chunusi zikiwa nyingi, zenye usaha, au zikienea kifuani na mgongoni, daktari huongeza dawa ya kumeza. Inayotolewa sana ni doksisaiklini, ambayo wengi huiita doksi. Mimi nilipewa miligramu 100 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu, pamoja na krimu ya kupaka.

Maagizo yake ni machache lakini yana maana. Tembe humezwa kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale mara baada ya kuimeza, la sivyo itamchoma kooni na kifuani. Doksi huifanya ngozi ichomeke upesi kwa jua, na hapa kwenye nyanda za Kajiado, ambako miti ni michache na wengi hungoja matatu juani, kofia au mwavuli si urembo.

Jambo ambalo wachache huambiwa ni kuhusu maziwa. Madini ya kalisi yaliyomo katika maziwa hushikamana na doksi tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Katika eneo hili ambako maziwa ni chakula cha kila siku, na ambako asubuhi haianzi bila chai ya maziwa, ni rahisi mtu kumeza dawa kwa miezi mitatu bila kupata faida yake yote. Acha saa mbili hivi zipite kati ya tembe na chai. Vivyo hivyo kwa tembe za kuongeza damu na dawa za kiungulia.

Doksi haipewi mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka minane, na haifai kutumiwa mwaka baada ya mwaka. Kila antibiotiki inapotumiwa ovyo, bakteria huizoea, nayo dawa hii inahitajika pia kwa magonjwa mengine.

DAWA KALI ZAIDI

Kwangu mimi vipele vilipungua, lakini vilirudi miezi miwili baada ya kumaliza doksi. Ndipo daktari aliponiandikia isotretinoini.

Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na hadi leo hakuna nyingine inayoishinda kwa chunusi kali zinazoacha makovu. Hunywesha tezi za mafuta na kuzifanya ziwe ndogo, na wagonjwa wengi hawarudiwi na chunusi wakishamaliza. Huja kwa kapsuli laini na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwani bila mafuta sehemu kubwa haiingii mwilini.

Kipimo hutegemea uzito. Kwa kawaida daktari hulenga jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo ya mwili. Mimi nilikuwa na kilo 60, kwa hivyo lengo la chini lilikuwa miligramu 7,200. Nilianza kwa miligramu 20 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha 40, na kazi ikakamilika katika mwezi wa saba. Hesabu hiyo yaonyesha kwa nini kununua kapsuli kumi za kujaribu ni kupoteza pesa.

Mwezi wa kwanza uso uliharibika zaidi kabla ya kutengenea, jambo ambalo daktari alikuwa amenionya. Midomo ilipasuka, na kwa vumbi na upepo wa Kitengela nililazimika kutembea na kopo la mafuta ya kujipaka mfukoni. Asubuhi nyingine pua ilitoka damu. Macho yalikauka na mgongo ukauma nilipofua nguo. Kabla ya kuanza nilipimwa damu, ini na mafuta ya damu, na vipimo hivyo vikarudiwa baadaye. Mafuta ya damu yalipanda kidogo, yakashuka nilipomaliza. Kufikia mwezi wa nne hakukuwa na kipele kipya.

Kuna madhara mengine ambayo mtu asinyamaze nayo: maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kutoona vizuri, maumivu makali ya tumbo, au huzuni isiyo ya kawaida. Isotretinoini haichanganywi na doksi wala na vitamini A ya kununua. Kuhusu huzuni, wataalamu bado wanajadiliana, lakini Uingereza iliamua mnamo Oktoba 2023 kwamba mgonjwa wa chini ya miaka 18 asianzishiwe dawa hii mpaka wataalamu wawili wakubaliane.

HATARI KWA MIMBA

Madhara yote hayo ni madogo yakilinganishwa na moja. Isotretinoini humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Inaweza kuharibu mimba, au mtoto akazaliwa na kasoro za ubongo, moyo, masikio na uso. Hatari ipo hata ikiwa dawa imetumiwa kwa siku chache.

Kwa sababu hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kabla ya kuanza na kila mwezi, na hutumia njia ya kutegemewa ya kupanga uzazi kuanzia mwezi mmoja kabla ya dawa, wakati wote anapoitumia, na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Mtumiaji, mwanamume au mwanamke, hatoi damu katika muda huo na mwezi mmoja baadaye, kwani damu yake inaweza kupewa mjamzito.

Katikati ya matibabu yangu nilipita katika kemisti moja kuulizia bei. Kijana aliyekuwa kwenye kaunta aliniwekea pakiti mbili mbele yangu. Hakuomba karatasi ya daktari, hakuuliza kama nina mimba, wala hakuuliza kama nimewahi kuimeza dawa hiyo. Niliziacha pale pale. Msichana mwingine wa umri wangu, ambaye hajaambiwa lolote, angezibeba.

Hatari nyingine iko nyumbani. Dada au rafiki anayeona uso wako umetakata ataomba kapsuli chache. Usimpe, hata akisisitiza.

KRIMU ZA MCHANGANYIKO

Katika maduka mengi huuzwa krimu zenye steroidi kali, kama betamethasoni au klobetasoli, zikiwa zimechanganywa na dawa ya ukungu na ya bakteria. Mtu akizipaka usoni, wiki mbili za kwanza hufurahi, kwani uvimbe hushuka na uso hung'aa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, nywele huota, na vipele vipya hulipuka kila anapojaribu kuacha. Aliyekwisha kuzizoea asiache ghafla bila kumwona mhudumu wa afya.

Wengine hukimbilia krimu za kujichubua kwa sababu ya mabaka meusi. Mabaka hayo si chunusi wala si kovu. Ni rangi iliyoachwa na uvimbe, na kwa ngozi nyeusi hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa iwapo chunusi mpya zimezuiwa na vipele havitumbuliwi kwa kucha. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

PA KUANZIA

Si lazima safari ianzie Nairobi. Uhaba wa madaktari wa ngozi ulijulikana zamani, na mwaka 1992 kulifunguliwa mjini Moshi, Tanzania, kituo cha kuwafunza maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika kutibu magonjwa ya ngozi. Afisa mwenye mafunzo ya aina hiyo anaweza kuanzisha krimu na doksi. Uliza katika hospitali ya umma iliyo karibu nawe, iwe ya Kitengela au ya Kajiado, kama yuko na ni siku gani huona wagonjwa wa ngozi.

Aliye na vinundu vikubwa vyenye maumivu, au anayeanza kupata makovu, asisubiri. Aombe barua ya kupelekwa kwa daktari wa ngozi mapema, kwa maana kovu likishaingia huwa vigumu kuliondoa.

Unapokwenda, beba kila dawa na krimu uliyotumia, hata kopo tupu. Mweleze daktari unapanga uzazi kwa njia gani na kama unatarajia kushika mimba mwaka huu. Uliza gharama ya miezi yote pamoja na vipimo, si ya pakiti moja tu, na kama kuna aina ya bei nafuu. Kisha nunua katika duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu iliyobandikwa mahali inapoonekana. Mwuzaji akikuuliza karatasi ya daktari, usikasirike. Huyo ndiye wa kurudi kwake mwezi ujao.