Sura ya 5: Akiba Yenye Tarehe

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria huenda na mwezi. Usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa, dagaa huufuata mwanga, na nyavu huvutwa zikiwa zimejaa. Mbalamwezi ikishatanda, mwanga wa taa haufui dafu mbele yake, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kuziba mitumbwi inayovuja. Katika maisha ya namna hiyo hakuna anayehitaji semina ya kufundishwa maana ya akiba. Fedha ya siku za giza ndiyo inayolisha siku za mbalamwezi, na siku hizo zinajulikana mapema. Mama lishe wa stendi ya Nyegezi, Mwanza, naye ana kalenda yake: anajua chuo cha SAUT pale Malimbe kinafunga lini, maana wanafunzi wakiondoka, sufuria hupungua. Mzazi naye anaijua Januari ya ada. Naanza na kalenda hizi kwa sababu mazungumzo mengi ya sarafu za kidijitali hayazigusi. Yanahusu bei tu: imepanda, imeshuka, itapanda tena. Lakini akiba ya mtu wa kipato kidogo ni fedha yenye tarehe. Anayeitunza anataka mambo mawili: aikute siku anayoihitaji, ikiwa nzima au karibu na nzima, na asipoikuta, amjue wa kumdai. Kwa vipimo hivyo viwili, sarafu za kidijitali si mahali pa kuweka akiba. Nitaeleza kwa nini, na yanayosemwa kuzitetea nitayapa uzito wake, kwa kuwa mengine ni ya kweli.

La kweli la kwanza ni kwamba Bitcoin ni uvumbuzi mkubwa, na anayeuita utapeli mtupu hajauangalia vizuri. Fikiria sanduku la kikoba. Ni la chuma, lina kufuli 3, funguo ziko kwa watu 3 tofauti, na sanduku lenyewe analala nalo mtu wa 4. Hufunguliwa mbele ya wanachama wote, fedha ikahesabiwa kwa sauti, kila mmoja akasikia salio. Mpangilio wote huo umezaliwa na swali moja gumu: tutaaminianaje fedha ikiwa katikati yetu? Oktoba 2008, mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kilitoa jibu la swali hilo hilo kwa watu wasiojuana kabisa. Liwepo daftari moja, nakala zake zikae katika kompyuta nyingi duniani, kila muamala uandikwe kote, na asiwepo mmoja anayeweza kufuta mstari peke yake. Januari 2009 daftari likaanza kuandikwa, na sarafu zake zimewekewa ukomo wa milioni 21. Limeendelea kuandikwa kwa zaidi ya miaka 15 bila benki wala serikali kulisimamia. Hilo si jambo dogo. Ila sanduku la kikoba lina kitu ambacho daftari hilo halina: wanachama wanamjua mwenzao. Akifiwa, mfuko wa jamii unafunguliwa. Akikosea hesabu, anasahihishwa. Daftari la Bitcoin linajua namba, halimjui mtu.

Sasa tupime kwa tarehe. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Tuseme mzazi mwenye shilingi milioni 3 za ada ya chuo alishawishika wakati huo akazigeuza zote. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, Bitcoin hiyo hiyo ilishuka chini ya dola 16,000. Shilingi ya Tanzania ilikuwa imetulia kipindi chote hicho, dola moja ikiwa karibu shilingi 2,300, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: milioni 3 zilikuwa zimebaki kama shilingi 700,000. Bei haikurudi ilipokuwa hadi Machi 2024. Mtoto aliyeanza shahada ya miaka 3 mwishoni mwa 2021 alikuwa tayari yuko mwaka wa mwisho. Miaka miwili na miezi minne ni muda mdogo kwenye mchoro wa bei; kwa mwanafunzi anayezuiwa kuingia chumba cha mtihani kwa deni la ada, ni chuo kizima. Na hiyo ni Bitcoin, iliyo imara kuliko nyingine nyingi. Sarafu iliyoitwa Luna ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 80 mwanzoni mwa Mei 2022; haukupita mwezi, haikufika hata senti moja. Hiyo haikurudi.

Mtetezi atasema: ungevumilia ungepata, kwani Desemba 2024 bei ilivuka dola 100,000. Ni kweli, na sitaki kuipunguza kweli hiyo. Aliyenunua mapema na asiuze amepata faida ambayo hakuna amana ya benki wala hatifungani iliyoweza kumpa. Lakini tuangalie ni nani aliyeweza kuvumilia. Subira yavuta heri, ila katika soko subira ni mali ya mwenye fedha nyingine. Mwenye duka kubwa la jumla anaweza kuiacha milioni 3 ishuke hadi laki 7 na maisha yakaendelea. Mwenye mtumbwi aliyeweka huko akiba ya nyavu hawezi. Mbalamwezi ikiisha lazima arudi majini, na nyavu zikiwa zimechanika atauza kwa bei ya siku hiyo, iwe iwavyo. Kwa hiyo soko lile lile humlipa tajiri kwa kusubiri na humkata maskini kwa kushindwa kusubiri. Anayekuonyesha faida ya miaka 10 anakuonyesha safari ya mtu ambaye hakuhitaji kushuka njiani.

Kipimo cha pili ni cha nani wa kumdai, na hapa pingamizi ni zito zaidi: mbona hata benki hufa? Hufa, na Kanda ya Ziwa inalijua hilo. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki 5 za jamii, mojawapo ikiwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Wapo walioumia. Lakini tazama kilichofuata. Bodi ya Bima ya Amana ilikuwepo kwa siku kama hiyo: aliyekuwa na hadi shilingi milioni 1.5 alistahili kulipwa yote, na aliyezidisha alibaki na haki ya kudai kilichozidi kadiri mali za benki zilivyokusanywa. Tangu 2023 kiwango cha bima kimepanda hadi shilingi milioni 7.5, kiasi kinachofunika akiba nzima ya watu wengi wa Nyegezi. Linganisha na FTX, soko la sarafu lililofilisika tarehe 11 Novemba 2022 likiwa limepoteza mabilioni ya dola za wateja. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 25, na wateja walifuata madai yao katika mahakama ya nchi hiyo kwa miaka. Soko jingine, Mt. Gox la Japani, liliporomoka mwaka 2014, na waliokuwa wakidai walisubiri karibu miaka 10 kabla ya kuanza kurudishiwa chochote. Benki ikifa Bukoba kuna mlango wa kugonga. Soko la mtandaoni likifa, mtu wa Mkolani atagonga mlango gani?

Wapo wanaojibu kwamba hata soko halihitajiki. Kila mtu akae na sarafu zake mwenyewe. Inawezekana, na ni vizuri kuona inavyokuwa kwa vitendo. Mara nyingi mnunuzi wa hapa kwetu hufungua programu kwenye simu, akamchagua muuzaji asiyemjua, akamtumia shilingi kwa mtandao wa simu kwenye laini yenye jina ambalo hajawahi kulisikia, kisha akasubiri sarafu ziachiliwe. Wakati wa kuuza mambo hugeuka: fedha inaingia kwenye laini yake kutoka kwa mgeni, naye hana namna ya kujua kama fedha hiyo ni ya wizi. Ikiwa ni ya wizi, wa kwanza kuitwa polisi ni yeye, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Akitaka kuzihifadhi mwenyewe, programu humpa maneno 12 au 24, mara nyingi ya Kiingereza, na kumwambia ayaandike mahali pa siri. Maneno hayo ndiyo fedha yenyewe. Karatasi ikilowa mvua ya masika, ikiliwa na mchwa, au neno moja likinakiliwa vibaya, hakuna wakala wa kumweleza wala huduma kwa wateja ya kupigia. Namba ya simu ya mtu uliyemtumia fedha kimakosa unaweza kuiripoti, na mara nyingine muamala ukarudishwa. Sarafu iliyotumwa kwenye anwani isiyo yake haina wa kuirudisha. Na mwenye maneno akifariki ghafla, msimamizi wa mirathi atakwenda na hati ya mahakama benki akasikilizwa. Kwa maneno 12 yaliyofia kichwani mwa marehemu, hati hiyo haifungui chochote. Wajane na yatima wa nchi hii wana taabu za mirathi za kutosha.

Pamoja na hayo yote, sidhani kwamba bei au maneno yaliyopotea ndiyo yanayowamaliza watu wengi zaidi kando ya ziwa hili. Wanaowamaliza ni wanaovaa jina la sarafu bila kuwa na sarafu. Masaka, mji wa Uganda usio mbali na ufuko wa magharibi wa ziwa letu, ulishuhudia mwaka 2019 ofisi ya Dunamiscoins ikifunguliwa kwa ahadi ya faida ya asilimia 30 na zaidi kwa muda mfupi. Desemba mwaka huo milango ilifungwa. Januari 2020 wakurugenzi wake wawili walifikishwa mahakamani, na madai yalitaja watu zaidi ya 4,000 na takriban shilingi bilioni 10 za Uganda. OneCoin, iliyoanzishwa Bulgaria mwaka 2014, ilifika hadi vijijini Uganda. Haikuwa na daftari lolote la kweli nyuma yake, na mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017. Mtanzania atayatambua mambo haya. Ni ule upatu wa DECI uliorudi kwa nguo nyingine: mwaka 2009 tuliambiwa tupande mbegu, sasa tunaambiwa tununue tokeni. Sarafu ya kweli haiahidi asilimia kwa mwezi, kwa kuwa hakuna anayeijua bei yake ya kesho. Anayekuahidi asilimia ameshakwambia kwamba anachouza si sarafu.

Kuna hoja moja ambayo haijibiwi kwa haraka: shilingi nayo hupungua. Dola iliyokuwa shilingi 2,300 mwaka 2022 ilivuka 2,700 mwaka 2024, na mwenye kuagiza vipuri vya injini aliona tofauti. Kwa nini basi asiweke akiba katika USDT, sarafu iliyofungwa kwenye dola? Hii ndiyo hoja bora kuliko zote za upande ule. Hata hivyo, dola yenyewe haipandi siku zote: mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika ndani ya wiki chache hadi karibu 2,400, na aliyenunua Oktoba akauza Desemba alipoteza zaidi ya asilimia 10. Pia fundo la sarafu na dola hushikwa na kampuni za nje ambazo Benki Kuu yetu haizisimamii. TerraUSD, iliyodai kuwa sawa na dola, ilikatika Mei 2022. USDC, yenye sifa nzuri, ilishuka chini ya senti 90 kwa muda mfupi Machi 2023 benki iliyokuwa na sehemu ya fedha zake ilipoanguka. Anayehofia shilingi kupungua ana njia zenye mtu wa kumdai: hatifungani za serikali huanzia shilingi milioni 1 na hulipa riba kila miezi 6, na asiyefikisha milioni anaweza kununua vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS kwa fedha kidogo.

Wengine hutaja kauli ya Rais Samia Suluhu Hassan ya tarehe 13 Juni 2021, aliyoitoa hapa hapa Mwanza akizindua jengo la Benki Kuu, alipoitaka benki hiyo ijiandae kwa sarafu hizi. Ilikuwa kauli ya busara. Lakini nchi kujiandaa si sawa na wewe kuweka ada huko. Tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilisema shilingi ndiyo fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali, na wapo walioshangilia kana kwamba ni ruhusa. Kodi si bima. Serikali inaweza kuchukua sehemu yake katika faida yako bila kubeba sehemu yoyote ya hasara yako.

Simzuii kijana wa Butimba mwenye kazi na fedha ya ziada asinunue Bitcoin. Anunue kiasi ambacho kikiyeyuka hakitamnyima mtoto daftari wala mgonjwa dawa, na asikope kwa ajili yake. Lakini msomaji ambaye tayari ameweka huko fedha ya ada, ya matibabu au ya nyavu, namwomba afanye jambo moja wiki hii: atenganishe kiasi chenye tarehe na kisicho nayo, na chenye tarehe akitoe sasa, hata kama bei haimpendezi, kabla siku yake haijafika.