Sida, saida au pombe ya tufaha?

MWALIMU mmoja wa Changamwe ameniandikia akiwa na dukuduku. Jirani yake alinunua chupa sita zenye picha ya tufaha ili awakirimu wageni. Muuzaji alimtoa shaka: "Hii si bia, mama. Ni maepo tu haya!" Miongoni mwa wageni hao walikuwamo watu ambao dini yao haiwaruhusu kuonja kileo. Bahati njema, mmoja wao alisoma maandishi madogo kabla ya vifuniko kung'olewa. Mwalimu anauliza: kinywaji hiki ambacho Waingereza hukiita ‘cider’, sisi tukiite vipi?

Kwanza tukijue chenyewe. Bia hutengenezwa kwa nafaka, hasa shayiri iliyooteshwa, kisha hutiwa hopsi zinazoipa ule uchungu. Mvinyo hutokana na zabibu, na aghalabu huwa na kileo cha asilimia 11 hadi 14. ‘Cider’ ni maji ya matufaha yaliyokamuliwa na kuachwa yachachuke, hamira ikageuza sukari yake kuwa kileo. Nyingi huwa na asilimia 4 hadi 8, yaani nguvu ya bia au kuipita. Wanaokerwa na uchungu wa bia na wanaouona mvinyo mzito wamepata kimbilio hapo. Lakini utamu huohuo ndio unaoghilibu.

Utata mwingine umetoka ng'ambo. Nchini Uingereza, neno hilo peke yake huashiria kileo. Nchini Marekani, mara nyingi humaanisha juisi isiyochachuka. Kileo chenyewe huongezewa neno ‘hard’. Anayetafsiri sisisi atasema ‘sida ngumu’, kana kwamba kinywaji ni jiwe!

Pwani hatuna haja ya kuazima ‘ugumu’ huo. Mgema akishusha tembo asubuhi, huwa tamu. Chachu zilizomo hewani na chomboni huanza kazi papo hapo, na kufikia jioni wanywaji wa mangweni watakwambia, "Sasa limekuwa kali." Likikaa zaidi, huwa siki. Tembo tamu, tembo kali, siki: hatua tatu, majina matatu. Kiswahili, basi, hupima kileo kwa ukali. Tazama pia methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiambishi ‘li’ kinatuonyesha kwamba hili ni tembo la kunywa, wala si yule mnyama ambaye wengi wetu Kenya humwita ndovu.

Turejee kwenye jina. Kutohoa si dhambi. ‘Bia’ tumeitoa kwa Kiingereza na ‘mvinyo’ kwa Kireno, vinho. Je, tuseme ‘sida’? Kwa Waswahili wa Kongo mashariki na Burundi, sida ni ufupisho wa Kifaransa wenye maana ya ukimwi. Hebu mtu wa Bukavu aletewe menyu Mombasa yenye ‘sida baridi’! ‘Saida’ nalo linakaribia matamshi ya Kiingereza, ila ni jina la dada zetu wengi huku Kisauni. Nani atakubali jina la bintiye libandikwe chupani?

Hata tunda lenyewe lina mushkili. Tufaha na tofaa yana asili moja, tuffah la Kiarabu. Hata hivyo, ukimtajia mtu mzima wa Likoni tofaa, huenda akakumbuka lile tunda jekundu la mti wa uani, wala si lile tunaloletewa kutoka Afrika Kusini. Kwa sababu hiyo nashauri tushike ‘tufaha’.

Pendekezo langu ni ‘pombe ya tufaha’. Wapo watakaosema pombe asili yake ni ya nafaka. Ni kweli, lakini maana imepanuka: husemwa pombe ya ndizi, pombe ya miwa, na hakuna anayeshangaa. Yale maji ya tunda ambayo hayajachachuka yabaki kuwa juisi au sharubati ya tufaha. Atakaye kubainisha ladha aseme ‘pombe tamu ya tufaha’ au ‘kali’.

Neno ‘pombe’ likitangulia, kila mtu anajua anachokishika: anayekitaka akinunue, na anayejizuia akipite. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kuwauzia vileo walio chini ya miaka 18. Muuzaji anayeamini kwamba anauza ‘maepo tu’ atamzuia vipi mtoto aliyetumwa dukani?