Je, Wajua? Usukani wa Pikipiki Huchakaa Njia Ikiwa Imenyooka

Katika barabara yenye mashimo ipitayo Hombo kuelekea Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, gololi za shingo ya usukani hugandamizwa na kila kishindo mahali palepale pikipiki inapokwenda moja kwa moja, hata zikachimba vishimo ndani ya vikombe, yaani pete za chuma zinamozunguka.

Mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, alitumia kanuni hiyohiyo mwaka 1900 alipotangaza kipimo cha ugumu wa metali kwa kuigandamiza kwa gololi.

Uchakavu huo hutambulika hivi: gurudumu la mbele likiinuliwa na usukani ukazungushwa taratibu, ule uliochakaa hunasa katikati.

Gololi mpya zikiwekwa katika vikombe vya zamani hutumbukia katika vishimo vilevile. Kwa hiyo vyote hubadilishwa pamoja.